Kuhamia chuo mwaka wa kwanza: karatasi, pesa ya wiki sita, na begi linalobebeka

Nyumbani kwetu Tukuyu tumeshamsindikiza mtoto chuo mara tatu. Nilitangulia mimi, akafuata mdogo wangu wa kiume aliyekwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wa mwisho ni binti aliyepangiwa Dodoma. Mara zote tatu wiki ya mwisho iliishia kwenye mabishano ya godoro. Linunuliwe huku au huko? Lifungwe kwa kamba au lishonewe kiroba? Na mara zote tatu, tulipofika, godoro halikumsumbua mtu. Kilichotusumbua ni karatasi, na hela ya kula kabla bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, halijatoka.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa uzito huo: karatasi kwanza, pesa, pa kulala, halafu ndipo begi. Nimemwandikia anayeingia chuo kikuu hapa Tanzania, ambako mwaka wa kwanza huanza Oktoba au Novemba. Anayekwenda chuo cha kati atakuta mengi yanamhusu pia. Na mzazi asome, kwa sababu nusu ya kazi hizi zinamhitaji yeye.

Hatua ya 1: Thibitisha chuo, kisha soma maelekezo mpaka ukurasa wa mwisho

Kama umechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, hujapata chuo mpaka uthibitishe. Utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ni kwamba mwenye nafasi zaidi ya moja anachagua moja kwa kutumia namba maalumu ya siri, inayokuja kwa ujumbe wa simu au kupitia akaunti yako ya maombi. Dirisha la kuthibitisha lina tarehe ya kufungwa. Namba uliyojazia maombi ndiyo itakayopokea ujumbe huo, kwa hiyo usiibadilishe, usimwachie binamu, na usiiache bila chaji kijijini wiki nzima.

Baada ya hapo chuo kitakutolea barua ya udahili na maelekezo ya kujiunga. Wengi wanasoma kurasa mbili za mwanzo, wanaona ada, wanashtuka, wanafunga. Soma yote ukiwa na kalamu. Humo ndani kuna tarehe ya kuripoti, fomu ya uchunguzi wa afya inayojazwa na daktari, idadi ya picha ndogo wanazotaka na rangi ya nyuma yake, malipo yasiyo ada, na vitu vinavyokatazwa hosteli. Andika kila kinachodaiwa kwenye karatasi moja, ibandikwe ukutani sebuleni, kila mtu aione. Mama yetu aliandika kwenye jalada la nyuma la daftari, akawa anakata mstari mmoja mmoja kwa kalamu nyekundu. Lile daftari lilitufaa kuliko ushauri wote tuliopewa na majirani.

Fomu ya afya usiiache ya mwisho. Hospitali ya wilaya ina foleni, vipimo vingine majibu yake hutoka kesho yake, na muhuri unaweza kuwa umefungiwa ofisini na mtu aliyekwenda semina. Nenda wiki tatu kabla.

Hatua ya 2: Jina lako liwe moja kila mahali

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Mdogo wangu wa kiume alifika dirishani siku ya usajili akiwa na kila kitu mkononi. Yule mama wa ofisi aliweka cheti cha kuzaliwa kushoto, cha kidato cha nne kulia, akapitisha kidole chini ya jina upande mmoja, kisha upande wa pili. Cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili. Cha shule kilikuwa na matatu, limeongezwa la babu. Akafunga faili, akasema, "Mwanangu, kalete kiapo." Nyuma ya mdogo wangu foleni ilikuwa inafika nje ya mlango. Siku mbili zikapotea tunatafuta wakili katika mji tusioujua, na hela ya chakula ikaliwa na nauli.

Kwa hiyo, fanya zoezi hili ukiwa bado nyumbani. Tandika mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, kitambulisho cha taifa au namba yake ya NIDA, na kadi ya benki. Soma jina herufi kwa herufi kwenye kila kimoja. Angalia na tarehe ya kuzaliwa. Ukiona tofauti, hata ya herufi moja, nenda kwa wakili au mahakamani ukaandikiwe hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kama tofauti ni kubwa, yaani jina jingine kabisa, muulize wakili kuhusu hati ya kisheria ya majina, inayosajiliwa. Kiapo peke yake kinaweza kukataliwa.

Akaunti ya benki iwe ya kwako mwenyewe, kwa jina lile lile la vyeti, na iwe hai. Akaunti iliyolala muda mrefu bila muamala inaweza kuzuiliwa, na hela ya mkopo ikagonga ukuta. Weka hata 5,000, kisha toa 2,000, uone inafanya kazi. Namba ya NIDA nayo ianze kufuatiliwa mapema. Itaulizwa benki, itaulizwa unaposajili laini ya simu, na itaulizwa kwenye mambo ya mkopo.

Sasa bahasha. Nunua faili la plastiki lenye kifungo, lisilopitisha maji. Ndani yake viingie:

- vyeti halisi vyote pamoja na barua ya udahili
- nakala tano za kila cheti, angalau seti mbili zikiwa zimethibitishwa na wakili
- fomu ya afya iliyojazwa na kugongwa muhuri
- picha ndogo kumi na mbili, hata kama wameomba nne
- risiti za benki au za simu za kila ulicholipa
- nakala ya fomu yako ya mkopo

Kabla ya kulifunga, piga picha kila karatasi kwa simu, picha zilizonyooka na zinazosomeka, kisha ujitumie kwenye barua pepe. Mzazi naye awe na seti yake kwenye simu. Faili hili haliingii kwenye begi la chini ya basi, hata kidogo. Linakaa mapajani.

Hatua ya 3: Pesa ya wiki sita

Bodi ya Mikopo hutangaza majina kwa awamu. Jina linaweza kuwa la awamu ya kwanza au ya tatu, na lisipotoka kuna dirisha la kukata rufaa. Hata aliyepata hapokei hela siku anayofika. Lazima kwanza usajiliwe chuoni, taarifa zako zifike Bodi, fedha iletwe, halafu usaini. Siku hizi kusaini ni kwa alama za vidole. Ukiona majina yametoka, usidhani bumu liko mfukoni.

Ndiyo maana nasema wiki sita. Mwanafunzi aondoke nyumbani na uwezo wa kuishi wiki sita bila senti ya mkopo. Hesabu yake si ngumu. Ukila milo miwili ya 2,000 na chai ya 1,000, ni 5,000 kwa siku. Kwa siku 42 ni 210,000. Ongeza nauli za daladala kama hosteli iko mbali na madarasa, vocha, sabuni, nakala za masomo kwenye steshenari, na akiba ya kuumwa. Nyumba ambayo haiwezi kutoa fedha hiyo kwa mkupuo inaweza kuigawa: theluthi anasafiri nayo, theluthi inatumwa wiki ya pili, na theluthi ya mwisho wiki ya nne. Kugawa hivi kuna faida hata kwa mwenye uwezo, maana wiki ya kwanza ya chuo kila kitu kinaonekana cha lazima.

Posho ya chakula na malazi iliwahi kupandishwa kutoka 8,500 mpaka 10,000 kwa siku. Ikitoka ya siku 60 kwa pamoja, inaingia 600,000 kwenye akaunti ya kijana ambaye pengine hajawahi kushika hata laki moja yake mwenyewe. Nimewaona walionunua simu wiki hiyo na mwezi wa pili wakaomba uji kwa jirani. Bumu likiingia, lipa kwanza kodi na madeni, kisha gawa kilichobaki kwa idadi ya siku, na kila Jumatatu jihamishie hela ya wiki moja tu kwenye simu. Nyingine ibaki benki, na kadi ikae chumbani ndani ya kufuli.

Ada na michango mingine ilipwe kwa kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo wenyewe, kwa jina lako. Hakuna chuo cha umma kinachotaka ada itumwe kwenye namba ya simu ya mtu. Msimu huu matapeli wanakuwa na kazi nyingi: atakupigia anayesema ni wa ofisi ya udahili, anaweza kukubadilishia kozi, au ana chumba cha mwisho hosteli, tuma elfu hamsini kabla ya saa kumi. Kata simu. Jambo la kweli litakuwepo kwenye akaunti yako ya chuo.

Na bima ya afya. Anayetumia kadi ya bima ya mzazi aende nayo ikiwa haijaisha muda. Asiye nayo, chuo kinamwandikisha. Kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, umekuwa 50,400 kwa mwaka, na kiasi cha kulipa utakikuta kwenye maelekezo yako. Lipa mapema. Malaria haisubiri bumu.

Hatua ya 4: Pa kulala

Omba hosteli ya chuo siku dirisha linapofunguliwa kwenye mfumo, si siku unayoripoti. Vyumba havitoshi. Pale Dar es Salaam hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na bado wako wanaokosa kila mwaka. Ukipangiwa, jua umepangiwa wapi: Hosteli ya Mabibo haiko Mlimani, kwenye kampasi kuu, unapanda gari kwenda darasani, na anayesoma mambo ya kompyuta darasa lake huenda likawa Kijitonyama. Dodoma nako chuo kimetawanyika, koleji na koleji zimeachana mbali, kwa hiyo usikubali chumba mtaani kabla hujajua koleji yako iko upande gani.

Ukikosa, utasikia habari ya kubebana, yaani kulala kitanda kimoja na mwenye chumba. Inasaidia wiki moja mbili ukiwa unatafuta. Lakini sheria za hosteli zinaikataza, mwenyeji wako akikamatwa anaweza kupoteza chumba, na wewe huwezi kusoma ukiwa unaamka kabla ya mlinzi. Usiifanye mpango wa muhula.

Geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, linataka hesabu nyingine. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa pamoja, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake. Mkiwa wawili mnagawana. Kabla ya kutoa hela, nenda kaone chumba mara mbili: mchana, na tena saa mbili usiku. Mchana unaangalia paa, dirisha, choo na kama LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya kwako au mnachangia na wapangaji wanne. Usiku unaangalia njia ya kutoka chuo ina taa au ni pori. Fungua bomba mwenyewe. Kuambiwa "maji yapo" siyo kuona yanatoka. Kisha mkataba wa maandishi wenye jina la mwenye nyumba, siyo la dalali, na ukajitambulishe kwa mjumbe. Mzazi wa binti, hili la njia ya usiku nakuomba usilipuuze hata kama chumba chenyewe ni kizuri na bei imepoa.

Hatua ya 5: Begi

Pakia kwa ajili ya mwezi mmoja. Getini pa kila chuo kikubwa kuna watu wanaouza ndoo, beseni, neti, hanga, ndala na magodoro, na bei hushuka ukisubiri wiki ya pili baada ya umati kupungua. Kubeba godoro kutoka Tukuyu mpaka Dar, karibu kilomita 900, unalipia mzigo, unalipia bajaji, unafika limelowa.

Vya kutoka nyumbani ni hivi: shuka mbili, mto, taulo, nguo za siku saba, suti au gauni moja la heshima la mawasilisho darasani, sweta, viatu vya kutembea, ndala za bafuni, dawa unazotumia, kufuli mbili imara, sahani, kikombe, kijiko na kisu kidogo, sindano na uzi. Sahau kila kitu kingine, lakini kufuli zisikose. Kabati la hosteli mara nyingi ni lako bila kufuli.

Fikiria hali ya hewa ya uendako, siyo ya utokako. Mama alinipakia blanketi zito la baridi ya Rungwe. Dar sikulifunika hata usiku mmoja. Lilikaa chini ya godoro miaka mitatu kuziba mbao za kitanda. Binti wa Dodoma ndiye aliyelihitaji, maana Juni na Julai upepo wa kule usiku unaingia mifupani, na mafuta ya kupaka yanakwisha upesi kwa ule ukavu.

Chakula kikavu kinasaidia sana kama utaishi geto: mchele wa Kyela, maharage, unga wa lishe, karanga zilizokaangwa. Hosteli nyingi zinakataza majiko na hita za kuchemshia maji, na wakikagua wanazichukua. Huko peleka karanga na unga wa uji unaokorogwa kwa maji ya moto, siyo maharage utakayoyatazama.

Kompyuta mpakato siyo lazima siku ya kwanza kwa kozi nyingi. Subiri wiki tatu, waulize wa mwaka wa pili wa kozi yako programu wanazotumia, ndipo ununue. Iliyotumika nzuri, yenye kumbukumbu ya GB 8 na diski ya aina ya SSD, inamfaa mwanafunzi kuliko mpya ya bei rahisi inayozubaa. Inunue dukani kwenye risiti na muda wa majaribio, siyo barabarani kwa mtu anayeharakisha.

Mzigo wote uwe begi moja la magurudumu au la mgongoni na "shangazi kaja" moja, ule mfuko mkubwa wa plastiki. Ufanye jaribio: ubebe vyote mwenyewe kutoka chumbani mpaka barabarani bila kupumzika. Ukishindwa hapo, stendi utashindwa zaidi. Punguza.

Hatua ya 6: Safari

Fika siku mbili kabla ya usajili, na ufike mchana. Mabasi siku hizi yanatembea usiku, basi chagua linalokushusha asubuhi au adhuhuri. Anayekwenda Dar kutoka mikoani hushukia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Si Ubungo kama wazee wanavyokumbuka. Wa kanda ya kati na ziwa wanaweza kuunganisha Dodoma na kupanda treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, ambayo tangu 2024 inafika Dar. Mweleze mwenyeji wako jina la basi na namba yake, siyo "nafika jioni". Stendi usimpe mzigo anayeudaka kabla hujaomba, na upatane bei ya bajaji kabla ya kupanda.

Mzazi akiweza kusindikiza, amsindikize; asipoweza, atafute mtu mmoja tu wa kumpokea, awe ndugu au mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka shule ile ile. Siku ya usajili mwache mtoto aongee mwenyewe dirishani. Wewe kaa nyuma na chupa ya maji.

Hatua ya 7: Siku saba za kwanza

Panga foleni ya usajili saa moja asubuhi, ukiwa umekunywa chai. Ukimaliza, usiondoke kabla hujahakikisha jina lako linaonekana kwenye mfumo wa chuo, kwa sababu asiyesajiliwa kwenye mfumo hana kitambulisho, na Bodi haimwoni. Sajili masomo ya muhula ndani ya muda. Kozi usiyoisajili matokeo yake hayatatoka hata ukipata A. Hudhuria wiki ya utambulisho yote, hasa siku ya maktaba na siku ya kueleza alama za mitihani ya ndani, kwa sababu watu wengi wanapata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa kutojua tu kwamba kazi za katikati ya muhula zinahesabiwa.

Mtafute mwakilishi wa darasa, uingie kwenye kundi la WhatsApp la kozi. Tafuta kimbweta, yaani meza na benchi za nje za kusomea, au kona ya maktaba utakayosomea, maana chumba cha watu sita hakisomeki. Tembea kwa miguu njia ya kutoka hosteli mpaka kila ukumbi ulio kwenye ratiba, siku ya Jumapili, pasipo na watu. Ijue zahanati ya chuo kabla hujaumwa.

Risiti ya malipo ya muhula wa kwanza irudishe kwenye faili lile lile la plastiki, pamoja na fomu ya usajili iliyogongwa muhuri. Muhula wa pili, kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani, utaulizwa zote mbili.